Nyaya za kuunganisha kompyuta nyumbani: chagua hivi, bana hivi

Juzi nilikuwa Nkuhungu, hapa Dodoma, kwa shemeji yangu. Amefungua steshenari barazani, anataka kompyuta tatu zitumie printa moja na intaneti moja. Nyaya alishanunua. Nilipoziona tukazirudisha dukani.

1. Pima. Kwa kamba, si kwa macho. Ipitishe kona zote hadi kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, ongeza mita mbili. Kikomo ni mita 100, na nyumba zetu hazifiki huko.

2. Daraja. Cat5e inatosha: inabeba gigabiti 1 kwa sekunde. Bei zikipishana kidogo, chukua Cat6. Hiyo Cat8 ya bei ya karanga mwachie muuzaji. Akikuuliza unataka waya wa kunyooka (rangi zimepangwa sawa pande zote mbili) au wa kupishana (upande mmoja umebadilishwa), chukua wa kunyooka. Vifaa vya leo hujipanga vyenyewe.

3. Shaba. Omba ncha, ikwangue kwa wembe. Ikiwa nyekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, hukunji mara nyingi kabla haijakatika. Ndiyo aliyouziwa shemeji. Waya wa kupita nje uwe na ganda jeusi lililotengenezwa kwa ajili ya nje, maana jua la Dodoma hupasua ganda la waya wa ndani.

4. Kubana vichwa, yaani vile vya plastiki vya ncha za waya. Ndani ya waya kuna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Hapa ndipo nilipoteza Jumamosi nzima miaka ile naanza kazi. Nilipanga rangi jozi kwa jozi: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu, kahawia. Unadhifu mtupu! Testa, kile kijipima waya, ikawasha taa zote nane kwa mpangilio. Waya wa mita moja ukafanya kazi. Ule wa mita thelathini ukawa unashika na kuachia, faili dogo linachukua dakika. Nikabadilisha swichi ya kuunganishia kompyuta, nikabadilisha ruta, nikamlaumu aliyeniuzia kompyuta. Jioni mzee mmoja fundi redio akakishika kichwa, akakielekeza kwenye taa, akasema, "Kijana, kijani chako kimekaa pamoja."

Ndiyo kosa lenyewe. Nyuzi zangu za kijani zilikaa pini ya 3 na ya 4 (pini ni vile vyuma vinane vya kichwa). Pini ya 3 na ya 6 hufanya kazi kama jozi moja, kwa hiyo lazima zipate nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ukizipa nyuzi za jozi tofauti, mawimbi yanaingiliana, na testa ya bei rahisi haiwezi kujua kwa sababu yenyewe inaangalia tu kama umeme umefika upande wa pili.

Shika kichwa, ulimi (kile kibanio cha plastiki) ukiwa chini na tundu la kuingizia waya likikuelekea wewe. Kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili hivyo hivyo. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe nalo. Likibaki nje, siku mtoto akijikwaa kwenye waya nyuzi zitachomoka. Kabla ya kubana, angalia kwa mbele uone nukta nane za shaba. Ukiona saba, toa, kata, anza upya.

Kama safari ya waya haizidi mita tano, nunua uliobanwa kiwandani.

5. Hakiki. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta, soma kasi ya muunganisho. Ikiandika 1000 (megabiti, yaani gigabiti 1), kusanya zana zako. Ikiandika 100 na ruta na kompyuta yako ni za gigabiti, huenda kuna uzi haujagusa: kata kichwa ulichobana mwisho, ulipokuwa umeshachoka; ndicho ninachoanza nacho mimi.