Jinsi ya Kuandaa Onyesho la Filamu ya Backbeat Jijini Nairobi
Kabla ya kukodi ukumbi, pata idhini ya mwenye hakimiliki, kisha uiulize bodi ya kuainisha filamu nchini kuhusu kibali cha onyesho la hadharani. Ukumbi uwe Westlands au katikati ya jiji, si hoja; spika ndizo za kuchaguliwa kwa makini. Waeleze watazamaji mapema kwamba filamu hii ya mwaka 1994 inawafuata Beatles, bendi ya roki ya Uingereza, mjini Hamburg, Ujerumani, Stuart Sutcliffe angali akipiga gitaa la besi na Pete Best ngoma, kabla Ringo Starr hajajiunga nao mwaka 1962. Humo John Lennon ndiye anayeimba wimbo wa Long Tall Sally, ilhali katika bendi halisi aliyeuimba alikuwa mwenzake Paul McCartney, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linafaa kujadiliwa taa zikishawashwa.