Kumfunga njiti kifuani: kwa wauguzi wenzangu wa wodi ya wazazi

Mwanafunzi wa uuguzi tuliyeletewa wodini aliniuliza kwa nini nakomaa sana na suala la kitenge cha kumfungia njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kifuani kwa mama. Nilimwandikia haya, na nayaweka hapa kwa wenzangu wa wilaya za Bahi, Kongwa, Chamwino hapa Dodoma na kokote ambako njiti wanazaliwa na mashine ya joto ni moja au hakuna kabisa.

1. Kifuani kwanza

Mtoto akizaliwa, mkaushe, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili. Mizani, dawa ya macho na vitamini K vinaweza kusubiri saa ya kwanza ipite. Mara nyingi kinachotukimbiza ni daftari. Ila usiwaache peke yao. Mama aliyechoka husinzia, kwa hiyo pita kila mara uangalie rangi ya mtoto na kama pua iko wazi.

2. Waonane

Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka titi hadi uso wa mama. Mwambie mama aweke simu pembeni amwongeleshe.

3. Kumfunga

Hapa ndipo watu wanapokwama. Njia ya kangaruu, yaani huku kumfunga njiti kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Saa hizo hazifiki kama kitenge kinalegea kila mama akiinuka kwenda msalani.

Kitenge kiwe cha pamba, kilichokwisha kufuliwa mara kadhaa. Kipya kina wanga, fundo linateleza. Vile vya nailoni vya bei chee vya mnadani mimi sivikubali. Vibebeo vya dukani vyenye vifungo navyo sivipendi: vimeshonwa kwa mtoto mkubwa, njiti anazama ndani humo humwoni. Na mama asipake mafuta kifuani siku hiyo.

Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Msimamishe katikati ya matiti, kichwa kigeukie upande mmoja na kiinuke kidogo, miguu ikunjwe na kutanuliwa kama ya chura. Ukingo wa juu wa kitenge uishie chini ya sikio. Kaza kwenye kifua cha mtoto, lakini tumbo liache lipumue, maana mtoto mchanga anapumua kwa tumbo. Fundo likae mgongoni kwa mama au chini ya kwapa, lisiwe juu ya mtoto.

Sasa mwambie mama asimame, atembee hadi mlangoni, arudi akae. Kidevu cha mtoto kikigusa kifua, fungua uanze upya hata kama mama amechoka: njia ya hewa imejikunja, na njiti halii kukuambia. Mara ya kwanza funga wewe. Mara ya pili afunge mama mwenyewe, wewe mikono mfukoni, hata akichukua robo saa. Ukimfungia kila siku, akifika nyumbani hajui.

Aliyejifungua kwa upasuaji akae ameegemea, blanketi lililokunjwa mgongoni, na uhakikishe mtoto hagusi kidonda. Usiku wa Juni na Julai, upepo wa Dodoma ukianza, funga madirisha na uongeze blanketi juu ya wote wawili. Usimvalishe mtoto sweta. Nguo inazuia joto la mama lisimfikie. Kipimo cha joto cha kwapani kisome kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

4. Baba

Kifua cha baba kinapasha joto vilevile, na mama anahitaji kuoga na kulala. Tatizo ni aibu, hasa mama mkwe akiwa ameketi palepale. Vuta pazia, kisha: "Bibi, naomba utupishe kidogo, baba ampokee mtoto." Halafu: "Baba, vua shati, kaa hapa." Bibi mwenyewe mweleze mapema, kwa heshima, kabla ya wote. Yeye asipoelewa, kitenge kitafunguliwa siku hiyohiyo wakifika nyumbani.

5. Maziwa

Mtoto asiyeweza kunyonya, mama akamue, mnywesheni kwa kikombe. Arudi kifuani.

6. Mama asiyetaka kumshika

Usimgombeze. Huenda amepoteza pacha mwingine, au anaogopa udogo wa mtoto. Anza na kiganja chake juu ya kichwa cha mtoto, basi, na umkabidhi kwa jina muuguzi wa zamu inayofuata. Huzuni ikizidi wiki mbili, au akisema anataka kujidhuru hata siku ya kwanza, mwite daktari.

7. Kuruhusiwa

Waendelee nyumbani mpaka mtoto mwenyewe akatae, ajinyonganyonge na kutoa miguu nje. Mara nyingi ni uzito ukikaribia kilo 2.5. Kabla hawajaondoka hakikisha wana vitenge viwili, kimoja kikifuliwa kingine kivaliwe.