Kuipeleka Leaf Mombasa: mambo ya kuzingatia kuhusu chaji kabla ya kuondoka Nairobi

Kilomita 485 hivi za barabara ya Nairobi hadi Mombasa hazimwangushi mwenye gari la umeme kwa urefu wake. Kinachomwangusha ni plagi isiyoingia, soketi isiyo na waya wa ardhi, na hesabu iliyopigwa kwa betri mpya ilhali gari ni la mtumba. Yote hayo yanaweza kujulikana wiki moja kabla ya safari, bure, ukiwa nyumbani. Maelezo haya yanahusu Nissan Leaf ya kilowati-saa 40 iliyotoka Japani, kwa kuwa ni gari linaloonekana sana hapa. Mwenye gari jingine atabadilisha tarakimu na aina ya plagi.

Anza na betri iliyopo, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi za mauzo. Upande wa kulia wa geji ya chaji kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Cha kwanza hupotea uzima ukishuka hadi takribani 85%, kwa hiyo gari lenye vijistari vyote 12 linaweza kuwa na 99% au 86%. Nunua kifaa kidogo cha OBD2 cha bluutuu, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia yenyewe. Hata hivyo usiishie hapo, maana kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu na muuzaji mjanja, nayo ikaonyesha ujana isio nao. Kipimo kisichodanganyika ni barabara: jaza hadi 100%, endesha kwa mwendo wako wa kawaida hadi 20%, andika kilomita.

Sasa piga hesabu kwa uniti, zilezile unazonunua kwa tokeni, kwani uniti moja ni kilowati-saa moja. Betri ya 40 yenye uzima wa 85% ina kama uniti 32 zinazotumika. Tenga 5 za akiba, zinabaki 27. Ukiendesha 90 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, gari hula kama uniti 15 kwa kilomita 100, yaani unapata kilomita 180. Ukipanda hadi 110, upinzani wa hewa ni karibu mara mbili ya ule wa 80, na uniti 20 kwa kilomita 100 ni jambo la kawaida. Zile 180 zinageuka 135. Hakuna kifaa utakachonunua kitakachokupa kilomita 45 kwa urahisi kama kulegeza mguu.

Kwenda Mombasa ni kuteremka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Makindu kama 1,000, Voi kama 600. Barabara inajigawa karibu sawa katika vipande vitatu: Nairobi–Makindu kilomita 165 hivi, Makindu–Voi kiasi hichohicho, Voi–Mombasa 155. Kila kimoja kinatosha ndani ya uniti 27. Hapo ndipo watu hujidanganya, wakidhani kilichowezekana kwenda kitawezekana kurudi. Gari lenye abiria wanne na mizigo lina uzito wa kilo 1,850 hivi, na kulipandisha mita 700 kutoka Makindu hadi Nairobi kunadai takribani uniti 4 juu ya zile za kawaida. Jumla inafika 29. Unazo 27. Utakula akiba yote isipokuwa uniti 3, na kosa lolote, upepo wa mbele au mvua kubwa, litakukuta Mlolongo ukiwa na alama ya kobe kwenye dashibodi, yaani gari limepunguza nguvu kwa kuwa chaji inakwisha. Kwa hiyo safari ya kurudi ipange upya, ukitafuta kituo kimoja zaidi karibu na Emali au Sultan Hamud, au uendeshe 80 kwa saa kipande hicho chote.

Usiitegemee namba ya kilomita zilizobaki. Gari huikokotoa kutokana na ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Baada ya mteremko mrefu huahidi mengi mno, na haijui kuna kilima mbele. Washa asilimia ya chaji na uitazame hiyo.

Tuje kwenye plagi, mahali panapoharibika safari nyingi. Leaf ya Japani ina matundu mawili puani. Kubwa ni CHAdeMO, la chaji ya kasi ya DC. Dogo ni la chaji ya polepole ya AC, aina ya Type 1. Vituo vingi vipya vinajengwa kwa CCS2 na Type 2, mtindo wa Ulaya, na vingine kwa GB/T kwa ajili ya magari ya Kichina. Kwa hiyo kuona kituo kwenye ramani si kupata chaji. Uliza maswali matatu kwa simu, siku moja kabla: bunduki (kichwa cha kebo kinachoingia kwenye gari) ni ya aina gani, inafanya kazi leo, na inalipiwaje. Mtu akikujibu "ipo, njoo tu", mwombe picha ya kichwa cha bunduki iliyopigwa siku hiyo. Kwenye PlugShare, programu ya ramani ya vituo vya chaji, soma maoni ya karibuni, usiangalie rangi ya alama peke yake. Kama kituo kinadai programu yake, ipakue na uweke pesa ukiwa bado na mtandao mzuri, maana si kila mahali njiani utapata data ya kupokea namba ya uthibitisho.

Upande wa AC, beba kebo ya Type 2 kwenda Type 1 kwa nguzo za chaji zenye soketi, na adapta ya Type 2 kwenda Type 1 kwa nguzo zenye kebo yao. Ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Pia ujue chaja iliyo ndani ya gari lako. Leaf nyingi za soko la Japani zina ya kilowati 3, na ya 6 iliuzwa kama nyongeza. Nguzo ikiandikwa kilowati 22, wewe bado utapokea 3 au 6, kwa hiyo usipange saa moja mahali panapohitaji saa nane.

Chaji ya kasi nayo ina tabia zake. Leaf hupokea hadi kama kilowati 46, kisha hushuka kadiri betri inavyojaa. Baada ya 80% ni kusubiri bila faida, na ni kumzuia aliye nyuma yako kwenye foleni. Betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji, kwa hiyo joto la Tsavo, mwendo wa kasi na chaji ya pili mfululizo huipandisha joto, na gari lenyewe hupunguza kasi ya kupokea hadi kilowati 20 au chini. Panga chaji moja ya kasi mchana, na kama ipo ya pili, ipe muda mrefu zaidi kwenye ratiba. Ukiondoka saa kumi alfajiri, unapita kipande kirefu kabla jua halijakaza.

Ikibidi kuchaji kwenye soketi ya kawaida ya nyumba ya wageni, hapo ndipo pa kuwa makini kuliko pote, kwa sababu hapo moto unaweza kuwaka mtu akiwa amelala. Amperi 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4. Ukitoa kinachopotea njiani, uniti 25 huchukua saa 12. Soketi ya amperi 13 haikutengenezwa kubeba amperi 13 usiku kucha, hivyo tumia kebo inayoweza kuteremshwa hadi 10, 8 au 6. Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani ni ya volti 200 na huruhusu gari kuvuta karibu amperi 15. Mafundi huikata plagi na kuifunga ya amperi 13, kisha fyuzi inakatika, au mbaya zaidi haikatiki na soketi inayeyuka. Na kama kibandiko chake kinasema volti 100 pekee, usiichomeke kabisa kwenye umeme wetu.

Gusa plagi baada ya nusu saa, kisha tena baada ya saa mbili. Kama huwezi kuishika kwa sababu ya joto, shusha amperi au hama soketi. Ekstensheni iwe na waya wa milimita 2.5 za mraba, na ikunjuliwe yote, kwani waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hujipasha wenyewe hadi kuyeyuka. Kebo ikiwasha taa nyekundu na kukataa, mara nyingi soketi haina waya wa ardhi, au hoteli iko kwenye jenereta ambayo nyutro yake haijaunganishwa na ardhi. Kuna watu huuza plagi za kuidanganya kebo. Usinunue. Kifaa kinakataa kwa sababu bodi ya gari inaweza kubeba umeme, na wa kwanza kuugusa ni mtoto anayeosha gari asubuhi. Beba kipimo kidogo cha soketi chenye taa tatu, nacho kitakwambia kabla hujalipia chumba. Kisha kubaliana bei ya uniti na mwenye nyumba, na usome mita mkiwa wawili.

Zima taima ya kuchaji kabla hujatoka nyumbani. Skrini ya Kijapani huificha, na gari lililochomekwa vizuri linaweza kukaa usiku mzima likingoja saa liliyowekewa na mmiliki wa zamani. Pima pia betri ndogo ya volti 12. Ikiwa imetulia na haifiki 12.4, ibadilishe, kwa sababu ikifa gari haliwaki wala halipokei chaji hata kama betri kubwa imejaa. Leaf haina tairi la akiba, kwa hiyo hakikisha pampu na dawa ya kuziba tundu vipo na dawa haijapitwa na muda.

Mwisho, hifadhi namba ya lori lenye kitanda cha kubebea magari. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoendeshwa na mota, kwa hiyo yakiburuzwa chini mota inazunguka nayo na kuzalisha umeme usio na mahali pa kwenda. Anayekuja kukuvuta kwa kamba, hata kwa nia njema, mkatalie. Asiponyanyua magurudumu ya mbele, asilivute.