Hadithi ikikwama, toka ukatembee kwenye mawe

Ukikwama katikati ya hadithi, funga daftari utoke nje. Lakini usitembee ukiwinda wazo, maana likijua linawindwa linajificha. Chagua kitu kimoja tu, ukiulize maswali kama mtoto msumbufu.

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mawe meusi ya volkano yako kila mahali. Juzi asubuhi nilichuchumaa kwenye lava ya 2002, ile iliyoshuka kutoka mlima Nyiragongo tarehe 17 Januari ikapita katikati ya mji. Ndani ya ufa usiotosha hata kidole, mmea mchanga wa kangaga ulikuwa umeota. Kando yake kipande cha bati, ukingo umejikunja, kimeshikwa na jiwe hakitoki. Bati la nani? Alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, au mji wa Sake? Alirudi akajenga juu ya nyumba yake iliyozikwa? Basi, mhusika nikawa nimempata, hata chai sijanywa.

Halafu kuna mazuku, ile hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kulala mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anaanguka tu. Ukitaka hadithi ya kutisha, jini wa nini tena? (Ila usishuke shimoni kutafuta hadithi, hasa alfajiri kabla ya upepo. Tazama ukiwa juu.)

Simu iache mfukoni. Mimi huandika maneno matatu: bati, kangaga, Gisenyi. Nikifika nyumbani yakiwa hayaniambii kitu, nayafuta.