Furushi la kujifungulia kwa mama anayekimbia vita

Mei 2015 maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, wakingoja meli ya Liemba iwafikishe Kigoma. Uchungu haungoji meli. Mimi ni mkunga, na kila mjamzito anayeishi karibu na mapigano namsihi afunge furushi lake mimba ikifika miezi saba.

Hatua ya 1: Kadi ya kliniki. Izungushie nailoni, uivae mwilini. Kama ulishapasuliwa, au unameza ARV, mwambie pia mtu unayesafiri naye. Dawa zenyewe usiziache.

Hatua ya 2: Funga furushi. Nailoni ya mita moja ya kulalia, kipande cha sabuni, glavu, wembe mpya ambao haujafunguliwa, nyuzi mbili safi, na kanga tatu zilizofuliwa na kukaushwa juani.

Hatua ya 3: Mtoto akizaliwa njiani. Anayempokea anawe kwa sabuni kwanza. Mkaushe mtoto vizuri, kichwa hasa, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, uwafunike wote wawili. Shika kitovu kwa vidole: kinadunda. Ngoja kinyamaze. Funga uzi wa kwanza vidole viwili kutoka tumboni kwa mtoto, wa pili vidole viwili mbele yake, kata katikati. Usipake majivu, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe. Nawaheshimu bibi zetu, lakini hapo ndipo pepopunda inapoingilia. Kondo lisivutwe. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza.

Kama kliniki ilikupa misoprostol, dawa ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua, ni vidonge 3 vya mikrogramu 200, na vinamezwa mtoto akishatoka tu. Papasa tumbo kwanza: kama kuna pacha, usivimeze bado.

Hatua ya 4: Tafuta msaada usiku huohuo kanga ikilowa damu chapachapa, kondo likikawia zaidi ya nusu saa, kichwa kikiuma na macho kuona ukungu, degedege au homa.

Hatua ya 5: Aliyebakwa njiani. Afike kituo cha afya ndani ya saa 72 apate dawa ya kuzuia VVU. Ya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120. Zikipita, aje vilevile, bado ana matibabu. Na wewe mhudumu, mtibu kwanza. Usimrudishe polisi akalete fomu huku saa zake zinayoyoma.