Kutengeneza filamu fupi ya kuogofya kuhusu mama anayempenda mwanawe kupita kiasi

Filamu ya namna hii huharibika pale mama anapogeuzwa shetani. Akifoka na kupiga, mtazamaji anamchukia na hofu inakwisha. Kila anachofanya mama kiwe kitu ambacho mtazamaji amewahi kufanyiwa nyumbani kwao. Mfano wetu ni wa dakika 6, chumba kimoja, waigizaji wawili.

Hatua ya 1: Chagua tendo moja

Kusuka nywele kunafaa sana. Mama yuko kwenye kiti, binti wa miaka 20 ameketi mkekani katikati ya magoti yake, anasukwa twende kilioni ya mistari minane. Kichwa kimeshikwa, hawezi kugeuka. Simu ya binti inaita. Mama anaipokea, "Amelala," anaizima. Binti anataka kuinuka: "Tulia, mama, karibu namaliza." Mstari wa nane ukiisha, mama anaukagua msuko, anasema "Umepinda huu," anaanza kufumua. Andika kurasa 6, kwa kuwa ukurasa mmoja hukadiriwa dakika moja. Futa kila sentensi ambayo mama anaeleza anavyompenda.

Hatua ya 2: Panga nywele kabla ya kamera

Hapa ndipo wengi hukwama. Anayeigiza mama lazima awe msusi kweli, maana vidole vya kubabaisha huonekana mara moja. Piga matukio kwa mfuatano wa hadithi. Ukiruka, mistari mitano itarudi kuwa mitatu katikati ya mazungumzo. Kufumua kwa ajili ya kurudia hula muda na kumuumiza binti, kwa hiyo fanyeni mazoezi kwanza bila kusuka, na kila mstari uachwe nusu hadi picha ikubalike. Piga picha ya kichwa kwa simu kila mnapositisha. Maumivu yaigizwe: mkono wa mama ukaze kwa bega na kiwiko, si kwa kuvuta mizizi.

Hatua ya 3: Kamera

Iweke kwenye usawa wa macho ya binti, kama sentimita 70 kutoka sakafuni. Tumia lenzi ya milimita 35, inayoonyesha eneo pana. Hapo mama ataonekana magoti, mikono na kitana tu. Uso wake uuhifadhi hadi simu inapoita. Baada ya hapo nenda milimita 50 au 85, zinazoleta uso karibu. Ukirekodi kwa simu, sogea karibu badala ya kukuza picha, la sivyo itapoteza ukali.

Hatua ya 4: Mwanga

Giza halitengenezwi kwa kubana mwanga unaoingia kwenye kamera. Ukifanya hivyo unapata chengachenga kwenye picha, na ngozi nyeusi inakuwa ya kijivu. Uso upate mwanga wa kutosha, ukuta ndio uwe gizani: wasogeze waigizaji mita 2 kutoka ukutani. Taa moja ya manjano ya upande mmoja, na shuka jeupe upande wa pili lirudishe mwanga kidogo. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, hivyo rekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Ukitumia 1/60, taa zinaweza kuonekana zikipepesa.

Hatua ya 5: Sauti

Zima feni na friji. Ufunguo wa gari uweke ndani ya friji, ili usiondoke bila kuiwasha. Rekodi ukimya wa chumba sekunde 60. Kisha, peke yake, rekodi kitana kikipasua njia kichwani, maiki ikiwa sentimita 15 kutoka kwenye kitana. Sauti hii ndiyo itakayobeba hofu, kwa hiyo usiweke muziki.

Hatua ya 6: Uhariri

Mwanzoni acha sauti za mtaa: bodaboda, watoto, jirani akipiga hodi. Ziondoe moja moja hadi simu inapoita. Baada ya hapo kibaki kitana na pumzi. Usikate haraka wakati wa kufumua. Picha hiyo ikae sekunde 40 bila kukatwa.

Waonyeshe watu watano wasiojua hadithi, uwaulize kama mama anampenda binti yake. Wakisita kujibu, filamu iko tayari. Wakisema hapana papo hapo, tafuta sentensi au sura kali iliyobaki kwa mama, uikate.