Milango Tunayoiruka: Namna ya Kushinda Ubaguzi wa Moyoni Ili Kumshuhudia Kila Mtu

Ukimwuliza mwinjilisti wa kujitolea katika usharika wowote kama anabagua watu, atakujibu papo hapo kwamba Mungu hana upendeleo, na atakutajia kuwa maneno hayo yako katika Matendo ya Mitume sura ya 10. Anasema kweli, na bila shaka anaamini anachokisema. Lakini ubaguzi wa mtu wa kanisani ni nadra kukaa mdomoni, unakaa miguuni. Unaonekana katika nyumba anazobisha hodi na zile anazozipita, katika kijiwe anachosimama kusalimia na kile anachokikwepa kwa kuvuka barabara, na katika namna anavyomsubiri mtu mmoja hadi amalize shughuli zake ili wazungumze, huku mwingine akimpa kipeperushi bila hata kumtazama usoni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana nia ya kushuhudia, lakini amegundua kwamba wote wanaofika kanisani kwa ushuhuda wake wanafanana naye kwa kabila, kwa kipato na kwa mavazi.

Andika majina, kisha andika sababu

Chukua karatasi uandike watu uliowashirikisha imani yako katika miezi michache iliyopita. Pembeni yake andika watu unaokutana nao kila siku ambao hujawahi kuwaambia neno lolote la Mungu: mwenye duka la jumla ambaye ni Mhindi, mama anayepika gongo nyuma ya nyumba yako, vijana wa bodaboda, jirani Mwislamu ambaye mmekuwa mkiazimana chumvi kwa miaka, binti wa kazi wa nyumba ya pili, mwanasheria mwenye geti refu na mbwa wakali. Orodha hii ya pili ndiyo kazi yako.

Mbele ya kila jina andika sababu iliyokufanya unyamaze, na usijiandikie sababu nzuri kama vile kukosa nafasi. Ukiwa mkweli utakuta sababu zinaangukia katika hofu, dharau au kinyongo, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu hazitibiwi kwa njia moja. Hofu humwelekea tajiri, msomi, askari na mtu wa dini nyingine. Hii hupungua kwa mazoea, maana ukishamsalimia mtu mara kadhaa na kumsikia akilalamikia ada ya shule kama wewe, ukubwa wake unapungua. Dharau humwelekea mlinzi, mlevi, mhudumu wa baa, mkimbizi na mtu wa kabila ambalo nyumbani kwenu lilikuwa likitaniwa hadi utani ukageuka imani. Dharau ni mbaya kuliko hofu kwa kuwa mwenye nayo haioni. Huiita busara, au husema kwamba watu hao ni shamba gumu.

Kinyongo ndicho kinachohitaji muda. Yona alipopanda merikebu ya kwenda Tarshishi, wengi huhubiri kwamba aliogopa Ninawi, lakini mwenyewe anaeleza sababu yake katika sura ya 4: alikimbia kwa kuwa alijua Mungu ni mwenye neema, na kwamba watu wale wakitubu watasamehewa. Ninawi ulikuwa mji wa Waashuru, dola iliyowaonea watu wa Yona. Yona hakuwa na tatizo la mafundisho. Alikuwa na theolojia safi kabisa, na hiyo theolojia safi ndiyo iliyomfanya akimbie. Mtu ambaye ndugu zake walichomewa nyumba katika vurugu za baada ya uchaguzi, au ambaye ukoo fulani uliwanyang'anya ardhi, anaweza kukaa katika hali hiyohiyo akiwa mzee wa kanisa.

Kwa kinyongo, semina ya uinjilisti haitoshi. Kitaje kwa jina mbele za Mungu na mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Uamsho ulioanzia Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijengwa juu ya desturi hiyo ya kuitaja dhambi waziwazi mbele ya wenzako, na wamisionari wa Kizungu walikiri kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo enzi za ukoloni halikuwa dogo. Lakini katika Rwanda hiyohiyo, ambayo wengi wa raia wake walikuwa wamebatizwa, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata waliyokuwa wameyakimbilia. Anayedhani kwamba chuki ya kikabila huisha yenyewe mtu anapookoka ayatazame makanisa hayo mawili. Kama kuna mtu aliyekudhulumu wewe binafsi, huenda ikakubidi utafute kwanza upatanisho kwa msaada wa mchungaji au wazee. Na kama jeraha bado ni bichi, mwombe mwenzako aende kwa mtu huyo badala yako, nawe uendelee kuombea.

Kubali kwamba wewe ndiye utakayebadilishwa kwanza

Simulizi ya Petro na Kornelio husomwa kama habari ya kuokoka kwa Kornelio, lakini ukiihesabia nafasi, sehemu kubwa ya sura ya 10 inamshughulikia Petro. Kornelio, akida wa Kirumi aliyekaa Kaisaria, alitokewa na malaika mara moja tu akatii. Petro alishushiwa nguo kubwa yenye wanyama mara tatu, akabishana na sauti ya mbinguni, na hata baada ya hapo alihitaji kuambiwa na Roho ashuke aende bila kusita. Na alikuwa wapi? Yafa, bandari ileile ambako Yona alipanda merikebu kuwakimbia watu wa mataifa.

Yafuatilie aliyoyafanya, kwa maana ndiyo hatua zenyewe. Kwanza, wajumbe walipofika aliwakaribisha ndani wakalala, kabla hajajua mambo yatakwishaje. Siku ya pili alisafiri pamoja nao, akichukua ndugu wa Yafa. Baadaye, katika sura ya 11, anataja kwamba walikuwa sita. Alipofika, Kornelio alimwangukia miguuni, naye akamwinua akisema kwamba yeye pia ni mwanadamu. Kisha akaikiri hadharani ile desturi iliyokuwa ikimzuia kuingia nyumba ya mtu wa taifa jingine, na ndipo akauliza wamemwitia nini. Mhubiri aliyekuwa na ujumbe mkubwa kuliko wote alianza kwa kuuliza swali na kusikiliza jibu. Na mwishoni alikaa nao siku kadhaa, akala nao.

Wengi wetu tunaruka hatua hizi zote na kuanzia kwenye mahubiri.

Mwone mtu aliye mbele yako

Katika miji yetu mikubwa kuna tukio ambalo hutokea karibu kila Jumamosi ya ushuhudiaji. Wainjilisti wawili, Biblia kwapani, wanafika kwenye geti la nyumba kubwa. Anafungua mlinzi, kijana aliyevaa shuka, fimbo mkononi. "Masai, bosi yupo?" Anajibu kwamba yupo, anaenda kuuliza, anarudi kuwafungulia. Wanaingia, wanakaa kwenye kochi, wanaletewa soda, wanashuhudia kwa muda mrefu, wanaomba na kuondoka. Mlinzi anafunga geti. Hawakumwuliza jina lake wala kwao ni wapi, na habari njema iliyompita akiwa ameshika komeo haikumhusu. Mara nyingi bosi mwenyewe alikuwa tayari Mkristo.

Dawa yake ni rahisi kuitaja: mtu wa kwanza unayekutana naye ndiye wa kwanza unayepaswa kumsalimia kwa ukamilifu. Mwulize jina ulitumie. Kama ni mkubwa kwako, mwamkie "shikamoo" hata kama anafagia barabara. Usimwite kwa kabila lake, kazi yake wala ulemavu wake. Zungumza naye kwa lugha anayoielewa, na kama ni kiziwi, tafuta mtu anayejua lugha ya alama badala ya kuzungumza na dada yake huku yeye akiwatazama. Mambo haya si ya pembeni, kwa sababu mtu hupima ujumbe kwa jinsi alivyopokewa na aliyeuleta, na aliyedharauliwa getini hatavutwa na upendo wa Mungu unaotajwa sebuleni.

Pokea kitu kutoka kwake

Mwanamke Msamaria katika Yohana sura ya 4 alikutana kisimani na mtu aliyemwomba maji. Yesu alijiweka katika hali ya kuhitaji msaada wa mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake, na mazungumzo yalianzia hapo. Wakati huohuo wanafunzi walikuwa wameingia katika mji wake, Sikari, kununua chakula. Walipita sokoni, wakazungumza na wauzaji, wakarudi na mikate, na hakuna anayetajwa kuwafuata. Mwanamke yule aliacha mtungi wake, akaingia katika mji uleule, akatoka na umati. Hao wanafunzi walikuwa ndio wainjilisti wenye mafunzo.

Kwa hiyo usiende daima kama mtoaji. Kula kwa mama lishe unayetaka kumshuhudia, ukae kwenye benchi lake, na usimwambie akufungie chakula kwenye mfuko ukimbie. Ukikaribishwa uji au maziwa katika nyumba ya watu usiowazoea, pokea kwa mikono miwili, unywe, usifu mapishi. Kama afya au dhamiri inakukataza, sema kwa upole na uombe maji. Mwombe fundi akufundishe jambo la kazi yake. Dharau haidumu kwa mtu ambaye umekuwa mwanafunzi wake.

Angalizo moja juu ya misaada. Usifungamanishe unga, ada au matibabu na kuhudhuria ibada. Mtu maskini akija kanisani kwa sababu ya unga, wewe ndiye uliyemfundisha hivyo, na siku unga ukiisha utamwita mnafiki. Saidia kwa kuwa ana shida, na ushuhudie kwa kuwa unaamini. Kila jambo lisimame kwa miguu yake.

Kwa jirani wa dini nyingine

Hapa hofu na dharau huchanganyika, na madhara yake tumeyaona katika mihadhara ya malumbano ambako watu walishindana kutukana vitabu vya wenzao kwa vipaza sauti. Nina maoni makali juu ya hilo: mtu anayehitaji kukejeli dini ya jirani ili aieleze yake hajaielewa yake. Soma juu ya anachoamini jirani yako kutoka kwake mwenyewe, ukimwuliza kama mtu anayetaka kujua. Usimtembelee wakati wa kufuturu kana kwamba hujui ni Ramadhani, isipokuwa amekualika, akikualika, nenda. Ukimwalika kwako, hakikisha nyama imechinjwa kwa namna anayoweza kuila, wala kitimoto isikaribie jiko siku hiyo. Eleza imani yako kwa kusema Kristo amekutendea nini, ukiachia ukweli huo ujitetee. Akisema hapana, basi ni hapana, na chumvi iendelee kuazimwa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inaifanya kazi ya kutangaza dini kuwa huru na jambo la hiari ya mtu binafsi, na uhuru huo unamlinda anayekataa sawasawa na anayehubiri.

Atakapokuja kanisani

Ushuhuda hauishii mtaani. Yakobo, katika sura ya 2, anaeleza watu wawili wakiingia katika kusanyiko, mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine amevaa mavazi mabovu. Wa kwanza anaonyeshwa mahali pazuri pa kukaa, wa pili anaambiwa asimame kule. Wahudumu wa milangoni waifahamu sura hiyo kuliko wanakwaya wanavyozifahamu nyimbo zao. Mgeni uliyemleta akae karibu na wewe, si kwenye benchi la nyuma. Mweleze mapema kuhusu sadaka, kwamba halazimiki, maana vikapu viwili au vitatu vinavyopita mfululizo humwaibisha asiye na kitu. Hakikisha mwenye kiti cha magurudumu anaweza kupanda ngazi zenu. Kama matangazo yote hutolewa kwa lugha ya kabila moja ilhali usharika una watu wa makabila mengi, peleka hoja hiyo kwenye baraza la wazee, kwa adabu na kwa kurudia hadi ijibiwe.

Lawama zitatoka kwa watu wako

Petro aliporudi Yerusalemu hakupongezwa. Alilaumiwa kwamba ameingia kwa watu wasiotahiriwa akala nao, na ndipo wale ndugu sita walipokuwa na manufaa, kwa kuwa waliyaona yote. Nawe usiende peke yako kwa watu ambao kanisa lako linawadharau. Ukienda baa kuzungumza na wahudumu, nenda saa za mchana kabla wateja hawajajaa, mwe wawili au watatu, wakiwemo wanawake watu wazima, na mchungaji awe na habari. Hii hulinda jina lako na, zaidi ya hapo, hulinda heshima ya wale mabinti.

Jambo la mwisho ni lile ambalo Paulo analisimulia katika Wagalatia sura ya 2. Miaka ilipita, Petro akiwa Antiokia alikuwa akila na watu wa mataifa bila shida, hadi walipofika wageni Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Akajitenga nao kwa kuogopa kuonwa, na Barnaba akachukuliwa na unafiki huohuo. Ndiyo kusema ubaguzi uliokwisha kutubiwa hurudi, na hurudi hasa pale watu wa kwenu wanapokutazama: kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye kikao cha ukoo, rafiki yako mpya anapotokea mlangoni nawe unatafuta mahali pa kumkalisha. Chagua mapema mtu mmoja, ikiwezekana wa kabila au hali tofauti na yako, umpe ruhusa ya kukukemea mbele ya watu kama Paulo alivyomkemea Petro, na mkubaliane kwamba siku atakapofanya hivyo hutamnunia.